Kukarabati nyumba ya mawe ya shamba pwani ya Mtwara na Lindi bila kuiondolea sura yake

Ukitoka Mikindani kuelekea Sudi, na ukipanda zaidi kaskazini hadi Mchinga na Kilwa Kivinje, bado utakuta ndani ya mashamba ya minazi na mikorosho nyumba za mawe tulizoachiwa na wazee: kuta nene, madirisha madogo, baraza mbele, na mara nyingi mkuyu uliochipua juu ya ukuta ambao paa lake lilishaanguka. Warithi wa nyumba hizi kwa kawaida hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaozibomoa na kutumia mawe kwa msingi wa nyumba ya tofali za saruji, na wapo wanaozikarabati kwa namna ambayo haina tofauti kubwa na kubomoa, yaani kukwangua lipu yote, kupiga saruji, kupachika madirisha ya alumini na kutandika vigae mpaka barazani. Mwongozo huu ni kwa mtu anayetaka kuishi katika nyumba yenyewe, na ambaye yuko tayari kazi ichukue karibu mwaka mzima.

Ninayoyaandika hapa nimejifunza katika nyumba moja ya vyumba vinne, katika shamba la babu lililo mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka ghuba ya Mikindani. Niseme mapema kwamba niliiharibu kwanza kabla ya kuitengeneza, na nitaeleza namna gani.

Nyumba imejengwa kwa nini

Kuta za nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, mengi yakiwa yamechimbwa nchi kavu, mahali ambapo zamani za kale palikuwa chini ya bahari. Unene wake ni kati ya sentimita 45 na 60. Mawe hayo yameshikwa kwa mota ya chokaa, ambayo katika nyumba za shamba mara nyingi imechanganywa na udongo mwekundu ili kupunguza gharama, kisha ukuta ukafunikwa kwa lipu ya chokaa na kupigwa niru, yaani chokaa nyepesi ya kupaka. Juu kuna boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, na ni nadra kukuta upana unaozidi mita 3. Anayevunja ukuta wa kati ili apate sebule pana anaondoa kitu kilichokuwa kinabeba nusu ya uzito wa dari.

Jambo la pili la kuelewa, ambalo ndilo mzizi wa kila kitu kitakachofuata, ni kwamba ukuta wa chokaa hunywa maji na kuyatema. Mvua ya upepo ikiupiga, au unyevu ukipanda kutoka ardhini, maji huingia kidogo, na jua likitoka huondoka kupitia vitundu vya lipu. Saruji haina tabia hiyo. Ni ngumu kuliko jiwe la tumbawe lenyewe, haikubali kupinda nyumba inapotulia, na maji yakishapita kwenye ufa wake mwembamba hayapati pa kutokea. Chumvi iliyomo ndani ya mawe huyeyuka katika maji hayo, huganda nyuma ya lipu, na kadiri inavyoganda ndivyo inavyoisukuma nje.

Hilo ndilo lililonipata. Ukuta wa kusini, unaopigwa na kusi miezi mingi ya mwaka, tuliupiga lipu ya saruji mimi na fundi niliyemwamini, na mwaka wa kwanza ukapendeza kweli. Masika ya pili ulianza kuvimba. Ukigonga kwa kifundo cha kidole ulilia kama ngoma. Kabla masika ya tatu hayajaisha, lipu ilikuwa ikidondoka vipande vipana kama sinia, na kila kipande kilibandua uso wa jiwe nyuma yake, jiwe ambalo lilikuwa limekaa salama chini ya chokaa tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Simlaumu fundi. Tangu kiwanda kikubwa cha saruji kianze kazi mkoani Mtwara mwaka 2015, mfuko wa saruji unaupata mpaka kwenye duka la kijijini, ilhali chokaa nzuri ni lazima uitafute na uisubiri. Vijana wengi wa uashi hawajawahi kufundishwa kitu kingine.

Anayedhani chokaa ni dhaifu aende Kilwa Kisiwani, mahali palipoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, aangalie makuba ya Msikiti Mkuu, ambayo ni matumbawe na chokaa tu na yana umri wa karne kadhaa mbele ya upepo wa bahari. Kwa mtu wa Mtwara kuna mahali pa karibu zaidi, nalo ni Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 na kufufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Nenda pale na fundi wako kabla hamjaanza, mpapase kuta kwa mikono.

Hatua ya kwanza: ukoo, karatasi na ruhusa

Nyumba ya shamba ni nadra kuwa ya mtu mmoja. Itisha kikao cha ukoo, washirikishe shangazi na watoto wao hata wale walio Dar es Salaam, na muhtasari uandikwe na kusainiwa, kwa sababu nyumba iliyokuwa gofu haina mwenyewe mpaka siku itakapopata paa jipya. Katika ardhi ya kijiji, shughulikia hati ya hakimiliki ya kimila kupitia serikali ya kijiji. Katika eneo la mji, omba kibali cha ujenzi halmashauri. Iwapo nyumba au sehemu yake inasemekana kuwa ya kale sana, uliza Idara ya Mambo ya Kale kabla hujagusa jiwe, maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyosimama kabla ya mwaka 1863, na gofu la msikiti au kaburi lililo ndani ya shamba lako linaweza kuangukia humo.

Hatua ya pili: kulaza chokaa

Wengi watashangaa kuona chokaa inatangulia paa. Sababu ni kalenda. Huku kusini mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kukoma Aprili au Mei, na chokaa inayofaa kwa lipu hutaka kulala ndani ya maji si chini ya miezi mitatu. Ukiizima Januari, yaani ukiitia majini ichemke mpaka itulie, Juni utakuwa na malighafi tayari na kiangazi chote mbele yako. Kuna sababu nyingine inayojulikana na kila mwajiri wa Mtwara na Lindi: ikifika Oktoba, mafundi na vibarua wote wako kwenye mikorosho yao, na hutawaona tena mpaka minada iishe. Kazi ya kuta lazima iwe imekwisha Septemba.

Zamani chokaa ilichomwa pwani penyewe: magogo yalipangwa duara, mawe ya matumbawe yakalundikwa juu, na tanuri likawaka usiku kucha na kupoa kwa siku kadhaa. Sikushauri uchome mwenyewe. Kuni zinazohitajika ni nyingi mno, na kuvunja matumbawe hai baharini kumekatazwa, sembuse katika eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Nunua chokaa ya mabonge iliyochomwa kwa mawe ya nchi kavu, na uhakikishe ni mbichi bado: chukua bonge dogo, lidondoshee maji, na likae mbele yako. Bonge zuri hukaa kimya kwa muda mfupi, kisha huanza kuchemka, kupasuka na kutoa mvuke. Bonge ambalo limekwishanyonya hewa ya ghalani hunyamaza tu na kulowa, na hilo urudishe dukani.

Chimba shimo la kina cha mita moja mahali penye kivuli, mbali na watoto na mifugo, ulitandike kwa tofali au turubai nzito. Kando yake weka pipa la chuma la kuzimia. Jaza pipa maji mpaka nusu, kisha tia mabonge ndani ya maji kidogo kidogo, na kamwe usimwagie maji juu ya lundo la mabonge, kwa sababu hurusha. Maji yatachemka kweli, kwa moto wa chokaa yenyewe, na pipa litatikisika na kunguruma kama sufuria ya makande. Koroga kwa mti mrefu ukiwa umevaa miwani, glavu za mpira na mikono mirefu. Jicho likiingiwa na chokaa lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi, kwa dakika 15 au zaidi, na mtu apelekwe kituo cha afya. Kwa hiyo ndoo ya maji safi iwe karibu kabla bonge la kwanza halijaingia pipani.

Uchemkaji ukikoma, chuja uji huo kwa wavu wa mbu wa dirishani uingie shimoni. Vipande visivyoyeyuka vibaki juu ya wavu na vitupwe, kwa kuwa vikibaki ndani vitazimika baadaye ukutani na kutoa vipele kwenye lipu. Baada ya siku chache uji utatulia na kuwa mzito, na maji yatapanda juu. Yaache hayo maji yakae hapo, kina cha vidole vinne hivi, yakiwa kifuniko kinachozuia hewa, kwani chokaa hukauka kwa kuvuta hewa, si kwa kupoteza maji tu. Miezi mitatu baadaye utakata kwa chepe kitu cheupe, laini, kinachong'aa, kinachoshikilia umbo kama jibini. Hiyo ndiyo rojo ya kazi, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa tamu kwenye mwiko.

Kama mabonge hayapatikani kabisa, chokaa ya unga ya mifuko inafaa, mradi iwe chokaa iliyozimwa kiwandani na si unga wa mawe yaliyosagwa tu. Iloweke walau wiki mbili kabla ya kuitumia. Haitafikia ile ya shimoni, lakini itakuwa bora kuliko saruji.

Hatua ya tatu: kuitazama nyumba wakati wa mvua

Chokaa ikiwa shimoni, wewe huna la kufanya ila kutazama, na masika, au kifuku kama wengi wanavyokiita huku, ndiyo darasa lenyewe. Nenda siku ya mvua kubwa, ukiwa na simu na chaki. Tia alama mahali maji yanapoingilia, yanapotuama, na yanapopanda kutoka chini. Piga picha za kila ukuta kwa nje na kwa ndani, pima vyumba, chora ramani hata kama mkono wako si wa mchoraji. Andika vidaka, yaani vishubaka vya ukutani, viko wapi, kina chake ni kiasi gani, miimo ya milango ina nakshi gani. Siku lipu itakapobanduka fundi atakuuliza kona ya kidaka ilikuwa ya mviringo au kali, na kumbukumbu yako haitakuwa shahidi wa kutosha.

Zungumza na wazee. Nilidhani chumba kidogo cha nyuma kilikuwa stoo, mpaka shangazi aliponiambia kilikuwa cha kuogea na kwamba chini ya sakafu kuna mfereji wa kutoa maji hadi kwenye migomba. Tulifukua tukaukuta, umezibwa na mizizi, na unyevu wote wa ukuta wa nyuma ulikuwa unatoka hapo.

Nyufa zote zipewe alama na tarehe. Bandika kipande kidogo cha lipu ya jasi juu ya ufa. Kikipasuka ndani ya msimu huo, ukuta bado unatembea, na kabla ya kuuziba ufa huo itakubidi utafute sababu chini kwenye msingi. Kisipopasuka, ni kovu la zamani.

Hatua ya nne: maji kwanza, kisha paa

Mvua zikikoma, kazi ya mkono inaanza, na ya kwanza haina fahari. Ardhi inayozunguka nyumba ya zamani huwa imepanda, kwa miaka ya kufagia, kutupa majivu na kumwaga vifusi, mpaka iko juu ya sakafu ya ndani. Ichimbe na kuishusha iwe sentimita 15 hadi 20 chini ya sakafu, na iteremke kutoka ukutani. Kama kuna ukingo wa saruji uliozungushiwa nyumba, uvunje taratibu, kwa sababu huo ndio unaoyalazimisha maji yapande ukutani. Katika nyumba yangu kazi hii peke yake, kabla ya chokaa yoyote, ilikausha vyumba viwili.

Mkuyu uliomea ukutani usiung'oe. Mizizi imekumbatia mawe, ukivuta mti unavuta ukuta. Ukate, uubandue gome shina lililobaki ili lisichipue, uliache likauke, kisha toa mizizi kipande kwa kipande huku ukijaza nafasi kwa mawe na mota. Popote ukuta ulipotoka nje ya timazi au mawe yalipolegea juu ya mlango, simika miti ya kuegemeza kabla fundi hajasimama chini yake. Zanzibar, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha.

Kuhusu paa, uamuzi ni kati ya makuti na bati, na sina ugomvi na mtu anayechagua bati. Makuti hupoza nyumba na ndiyo yaliyopangiwa mteremko ule mkali, lakini yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache na makumba mazuri siku hizi ni ya kutafuta. Ukichagua bati, linda mambo mawili: mteremko na upana wa michirizi, yaani sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Paa la zamani lilitokeza nje ya ukuta kwa hatua nzima ili mvua isiguse lipu. Kulikata fupi kwa ajili ya kuokoa bati mbili ni kuuhukumu ukuta. Acha nafasi ya hewa chini ya mgongo, na pale penye gata, maji yapelekwe kwenye tangi au mbali na msingi.

Fundi wako atataka kumwaga lenta ya zege kuzunguka kuta zote kabla ya kupandisha kenchi. Mkatalie kwa upole. Zege ni zito na halipindi, na ukuta wa chokaa ulio chini yake utapasuka pembeni. Laza mbao nene ya mkongo au mninga juu ya ukuta, uifunge kwa nyaya za mabati zilizozamishwa ndani ya mota kina cha mikono miwili, na kenchi zifungwe kwenye mbao hiyo. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipopita pwani yetu, paa lililofungwa namna hii halikutikisika hata papi moja.

Hatua ya tano: mawe na nyufa

Jiwe lililooza ukutani litolewe peke yake na nafasi yake ijazwe kwa jiwe la aina ileile. Jiwe bora ni la nyumba yenyewe, lile lililoanguka uwanjani, kwa kuwa mvua za miaka mingi zimekwisha liosha chumvi. Jiwe jipya kutoka machimboni liache nje lioshwe na masika moja.

Ufa unaotulia hutengenezwa hivi. Upanue kwa tindo mpaka ufikie mota ngumu, toa vumbi lote kwa brashi, kisha ulowanishe kwa maji, siyo mara moja bali jioni na tena asubuhi, mpaka jiwe liache kunyonya kwa pupa. Wengi hushindwa hapa: wakitia mota kwenye jiwe kavu, jiwe hufyonza maji yote kwa dakika moja na mota hubaki unga. Jaza kwa tabaka, kila tabaka lisizidi unene wa dole gumba, na katika kila tabaka gongomea vijiwe vya tumbawe vilivyochongwa kama kabari. Ukitazama kazi ya waashi wa kale utaona vijiwe hivyo kila mahali kati ya mawe makubwa. Havikuwekwa kwa urembo, vinapunguza kiasi cha mota ili isinywee.

Mchanganyiko ni rojo sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3. Mchanga uwe wa mto au wa shimo, wenye chembe za kukwaruza, si wa ufukweni hata kama umeoshwa, na maji yasiwe ya kisima cha chumvi. Upime mchanga kwa kuutikisa na maji ndani ya chupa: ukitulia, tope lililo juu likizidi sehemu moja ya kumi, uoshe au utafute mwingine. Sehemu ya chini ya ukuta, inayokaa na unyevu, ongeza nusu sehemu ya unga wa tofali za kuchoma uliosagwa na kuchekechwa. Huo huisaidia chokaa kushika hata mahali pasipokauka upesi. Saruji isitiwe, hata kijiko. Kila fundi atakuambia "kidogo tu, ishike haraka", na kidogo hicho ndicho kinachodhoofisha chokaa bila kuipa nguvu ya saruji.

Hatua ya sita: lipu na niru

Usibandue lipu ya zamani ambayo bado imeshika. Gonga ukuta mzima kwa kifundo cha kidole, zungushia chaki mahali panapolia tupu, na uondoe hapo tu. Lipu mpya ikikutana na ya zamani kutakuwa na mshono unaoonekana kidogo, nami nauona mzuri kuliko ukuta uliolainishwa kama wa benki. Ukuta wa matumbawe una mawimbi yake. Fundi mwenye rula ndefu ya alumini atakuomba ruhusa ya kuyanyoosha. Mwambie rula aiache nyumbani, afuate ukuta kwa mkono na mwiko.

Kwa makadirio, ukuta wa mita za mraba 20 wenye lipu ya unene wa sentimita 2.5 unameza nusu mita ya ujazo ya mota, yaani ndoo 25 za lita 20 za mchanga na ndoo 8 na ziada ya rojo. Ongeza sehemu moja ya tano kwa ajili ya mabonde. Piga kwa tabaka tatu: ya kwanza irushwe kwa mwiko ili ing'ang'anie, ya pili iwe ya unene wa sentimita moja hivi na ichanwe michirizi, ya tatu iwe nyembamba, ya mchanga uliochekechwa. Kati ya tabaka na tabaka subiri wiki moja hadi mbili.

Adui wa lipu ya chokaa huku kwetu ni jua na upepo. Fanyia kazi ukuta ulio kwenye kivuli, fuata kivuli kinavyozunguka nyumba, na ukimaliza ning'iniza magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, uyanyunyizie asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba. Magunia ya korosho yaliyochakaa yanafaa kuliko kitu chochote nilichowahi kujaribu, na baada ya msimu kila nyumba inayo. Ikitokea mistari myembamba kama nywele, isugue kwa kipande cha mbao lipu ikiwa bado bichi, itafunga.

Niru huja mwisho: rojo iliyoyeyushwa kwa maji iwe nyepesi kama maziwa, ipakwe kwa brashi pana juu ya ukuta uliolowa, mara nne au tano, siku moja kati ya kila mara. Mkono wa kwanza utaona kama hujapaka kitu. Usikate tamaa ukaiongeza uzito, kwa sababu niru nzito hubanduka. Kesho yake itakuwa imekuwa nyeupe yenyewe. Anayetaka rangi atie udongo mwekundu au wa njano uliochujwa. Rangi ya plastiki ya dukani haina nafasi hapa, ndani wala nje, kwa sababu ileile iliyoikatalia saruji.

Hatua ya saba: boriti, milango na madirisha

Boriti ikichomwa kwa ncha ya kisu na kisu kisizame, iache ilipo, hata ikiwa nyeusi. Iliyoliwa na mchwa kichwani mara nyingi inaweza kukatwa sehemu mbovu na kuungwa ubavuni na mpya. Mikoko haikatwi kiholela; nunua nguzo zenye kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu na utunze stakabadhi, maana njiani utaulizwa. Vichwa vya boriti vinavyoingia ukutani vipake mafuta ya maganda ya korosho, ambayo mchwa hawayapendi, ila vaa glavu: mafuta hayo huunguza ngozi na kuacha malengelenge.

Milango ya zamani huwa imefunikwa na rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka. Kwangua kwa kipande cha kioo na msasa, polepole, usichome kwa moto, na chini yake huenda ukakuta mkongo wenye nakshi ambayo hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuiona. Mwimo ulioliwa chini, pale unapokutana na kizingiti, kata sentimita 20 au 30 na uunge mti wa aina hiyohiyo. Hakuna haja ya kutupa mlango mzima kwa ajili ya mguu mmoja. Tundu la dirisha libaki na kipimo chake. Wavu wa mbu ufungwe kwenye fremu ya mbao kwa ndani, na shata za mbao zibaki nje.

Hatua ya nane: sakafu, umeme na choo

Sakafu ya chokaa iliyoondoka irudishwe kwa kokoto za matumbawe na mota yenye unga wa tofali, ipondwe kwa vipande vya mti siku kadhaa mpaka igande. Zege na vigae vitaufukuza unyevu wa chini uende kwenye kuta. Nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba juu ya ukuta, kwenye kona na kando ya boriti, kwa sababu kuchimba mfereji ndani ya ukuta wa mawe kunalegeza mawe mengi kuliko utakavyodhani. Choo na bafu vijengwe uani, mbali na kuta za zamani, na hapo tumia saruji upendavyo.

Rojo itakayobaki usiitupe. Ijaze kwenye madumu ya mdomo mpana, iongezee maji ya vidole vinne juu, uyafunike na kuyaweka pembeni mwa stoo. Kila mwaka mvua zikikoma, zunguka nyumba na dumu moja na mwiko, ugonge kuta, na pale panapolia tupu uanze upya kwa kulowanisha jiwe jioni.